Je, Kamanda O'Kane aliizamisha nyambizi yake mwenyewe?

Swali la msomaji: Nimesoma kwamba Richard O'Kane wa Marekani ndiye kamanda wa nyambizi aliyezamisha meli nyingi kuliko wenzake wote wa nchi yake katika Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba alitunukiwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi hiyo. Lakini nimesoma pia kwamba nyambizi yake, Tang, ilizamishwa na topido yake yenyewe, yaani bomu linalojiendesha majini. Je, alikosea hesabu? Waliotoka hai walitokaje mita 55 chini ya bahari? Na kwa nini kuna wanaosema alizamisha meli 24 na wengine 33?

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na la kwanza. Hesabu ya O'Kane haikuwa na kosa. Topido ya mwisho kati ya 24 alizoondoka nazo bandarini ilipoteza mwelekeo mara tu ilipotoka kwenye mrija. Ilikunja kushoto, ikazunguka, ikairudia nyambizi iliyoirusha. Kamanda mwingine yeyote aliyekuwa mahali pale angepatwa na jambo hilohilo. Ila namna O'Kane alivyopigana, yaani usiku, juu ya maji, na karibu kabisa na adui, ndiyo iliyompa shabaha aliyosifiwa nayo, na ndiyo iliyomnyima nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo lazima tuone kwanza alivyokuwa akipiga, ndipo tuelewe yaliyotokea usiku ule.

O'Kane alizaliwa Dover, New Hampshire, mwaka 1911. Alihitimu Chuo cha Wanamaji cha Annapolis mwaka 1934 na kuingia kwenye nyambizi mwaka 1938. Alitumikia nyambizi Argonaut, kisha mwaka 1942 akawa ofisa wa pili kwenye Wahoo. Mafunzo yake hasa yalianza mwishoni mwa mwaka huo, Dudley Morton alipokabidhiwa nyambizi hiyo. Desturi ilikuwa kamanda mwenyewe ndiye atazame kwenye periskopu, darubini ndefu ya nyambizi, wakati wa shambulio. Morton aliipindua desturi hiyo: kazi ya kutazama akampa O'Kane, yeye akasimama kando akifuatilia picha nzima ya adui, topido zilizobaki na njia ya kutorokea. Sababu yake ilikuwa na mashiko. Anayetazama kwenye periskopu huona kipande kimoja tu cha bahari, na meli kubwa ikijaa kwenye kioo humfanya asahau zilizo pembeni.

Tarehe 24 Januari 1943, huko Wewak katika New Guinea, destroya (manowari ndogo yenye kasi) ya Kijapani Harusame iliijia Wahoo moja kwa moja. Topido zilizotangulia zilikosa; ya mwisho iliyokuwa tayari kwenye mirija ya mbele ikaipiga ikiwa umbali usiozidi mita 800. O'Kane ndiye aliyekuwa kwenye periskopu. Lakini Harusame haikuzama. Ilipandishwa ufukweni, na baadaye ikakarabatiwa. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu swali lako la tatu limo humo: kupiga meli ni kitu kimoja, kuizamisha ni kingine.

Katikati ya mwaka 1943 O'Kane aliondolewa Wahoo akaandae nyambizi yake mwenyewe. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Oktoba, Wahoo ilizamishwa katika mlango-bahari wa La Pérouse, kaskazini mwa Japani, pamoja na Morton na mabaharia wake wote.

Tang ilijengwa Mare Island, California, ikaingia kazini tarehe 15 Oktoba 1943. Ilikuwa ya aina ya Balao: urefu wa mita 95, injini nne za dizeli za kwenda juu ya maji, na betri za madini ya risasi na asidi za kuendesha mota ikiwa chini. Juu ya maji ilifikia noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa. Chini haikufika noti 9, na kwa mwendo huo betri huisha upesi. Ikitaka kukaa chini siku mbili lazima itambae kwa noti 2. Ilikuwa na mirija sita ya topido mbele na minne nyuma.

Tazama hizo namba za mwendo. Msafara wa meli za mizigo ulikwenda noti 8 hadi 12. Nyambizi iliyo chini ya maji haiwezi kuufukuza msafara wa namna hiyo; inaweza tu kuusubiri njiani. Ikiwa juu ya maji usiku inaupita, inatangulia mbele, inachagua upande wa kushambulia, na ikikosa inajaribu tena. Umbo lake ni fupi juu ya maji, kwa hiyo mlinzi aliye kwenye meli ndefu huiona kwa shida gizani, ilhali rada yake inaipa umbali na uelekeo wa kila meli. Ukipima uelekeo na umbali kila baada ya dakika chache na kuchora alama kwenye ramani, unapata njia na mwendo wa adui. O'Kane alizifanyia kazi faida hizi mpaka mwisho wake.

Sasa kulenga kwenyewe. Topido za wakati ule hazikufuata sauti wala joto. Zilikwenda mstari mnyoofu, kwa hiyo ilibidi urushe mahali meli itakapokuwa, siyo ilipo. Ndani ya mnara wa kuongozea, chumba kidogo kilicho juu ya nyambizi, kulikuwa na mashine ya hesabu iliyopokea umbali, uelekeo, mwendo na pembe ya meli, kisha ikaipa topido pembe ya kugeukia baada ya kutoka. Makosa huingia kwenye kila tarakimu unayoipa mashine hiyo. Njia inayohusishwa na O'Kane hupunguza tarakimu hizo. Unaiweka nyambizi ili topido ikate njia ya adui kwa pembe mraba, nyuzi 90. Ukifanya hivyo, pembe ya kutangulia hutegemea mambo mawili tu, mwendo wa meli na mwendo wa topido. Umbali hauingii kwenye hesabu.

Mfano: meli inakwenda noti 10. Ukitumia topido ya noti 46, unaweka uzi wa kulengea nyuzi 12 upande inakotokea meli. Ukitumia ya noti 29, unaweka nyuzi 19. Kisha unatulia. Meli ikivuka uzi ule, unarusha: moja sehemu ya mbele inapogusa uzi, nyingine katikati, nyingine nyuma. Ukiwa juu ya maji usiku, uzi huo unakuwa kwenye darubini kubwa iliyofungwa darajani, inayotuma uelekeo chini kwa umeme.

Kinachoharibu shabaha ni kukosea mwendo wa meli, na hapo ndipo umbali unaporudi na kudai haki yake. Tuseme umekadiria noti 10 na kweli ni 12. Kwa topido ya noti 29, mita 900 ni safari ya dakika moja, na katika dakika hiyo meli imekupita kwa mita 62 zaidi ya ulivyodhani. Kama ina urefu wa mita 130 na ulilenga katikati, bado utaigusa kwa tabu upande wa nyuma. Ukirusha kutoka mita 2,700, kosa lilelile linakuwa karibu mita 190 na topido inapita baharini bure. Basi O'Kane kusogea chini ya mita 1,000 haukuwa ujasiri wa kujionyesha. Hesabu ndiyo iliyomsogeza.

Lakini shabaha nzuri haina maana kama topido haifanyi kazi, na kwa miaka karibu miwili ya mwanzo topido ya Marekani iitwayo Mark 14 mara nyingi haikufanya kazi. Ilikuwa na kasoro tatu zilizofichana. Ya kwanza, ilikwenda chini zaidi ya kina ilichopangiwa, karibu mita 3, ikawa inapita chini ya meli. Admirali Charles Lockwood alilithibitisha hilo Juni 1942 huko Albany, Australia Magharibi, kwa kurusha topido kwenye wavu na kupima matundu. Ya pili, kilipuzi cha sumaku, kilichotakiwa kulipuka chini ya meli bila kuigusa, kililipuka mapema au hakikulipuka kabisa; Juni 1943 Admirali Nimitz, mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani katika Pasifiki, aliagiza kizimwe.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilisimama mbele ya meli kubwa ya Kijapani, Tonan Maru Na. 3, ikairushia topido moja baada ya nyingine, nyingi zikagonga bila kulipuka. Huko Pearl Harbor vichwa vya topido vikaangushwa kutoka juu ya kreni kwenye bamba la chuma. Vilivyogonga kwa pembe mraba, saba kati ya kumi havikulipuka. Vilivyogonga kwa kuinama vilifanya vizuri zaidi. Kishindo cha kugonga moja kwa moja kilikuwa kinaikwamisha pini ya kugongea kwenye njia yake kabla haijafika mwisho. Maana yake ni chungu: kamanda aliyelenga vyema kabisa, kwa nyuzi 90, ndiye aliyepata topido bubu nyingi zaidi. Dawa ilikuwa pini nyepesi ya madini ya alumini, na ilikuwa tayari kufikia Septemba na Oktoba 1943. Tang iliingia kazini mwezi huohuo wa Oktoba. Makamanda wa mwaka 1942 walioondolewa kwa kushindwa walipigana na silaha mbovu, na kuwalinganisha na O'Kane bila kulitaja hilo ni kuwaonea.

Mark 14 ilikuwa na kasoro nyingine isiyoondoka: ilichoma spiriti, ikaacha mstari wa mapovu juu ya maji ukionyesha ilikotoka. Hivyo Marekani ikachukua topido ya umeme ya Kijerumani, ikaiga, ikapata Mark 18. Hii haina mapovu, inaendeshwa na betri, mwendo wake ni noti 29 na inafika kama mita 3,700. Gharama yake ni matunzo. Betri hutoa haidrojeni, na gesi hiyo isipopepewa hulipuka au kuwaka moto ndani ya chumba wanamolala mabaharia. Lazima topido ivutwe kutoka kwenye mrija, ikaguliwe, ichajiwe, irudishwe. Maji yakiwa baridi betri hulegea na mwendo hushuka, na ukirusha kwa hesabu ya noti 29 topido inachelewa. Za mwanzo zilikuwa na mapezi dhaifu ya mkiani na usukani usioaminika.

Usukani huo unatawaliwa na jairoskopu, gurudumu dogo linalozungushwa kwa kasi wakati wa kurusha na kushika mwelekeo mmoja. Topido ikiyumba kushoto, jairoskopu husukuma usukani kulia, na kinyume chake. Jairoskopu ikianguka kwenye vishikio vyake, au usukani ukikwama upande mmoja, topido haina tena kinachoinyoosha. Inazunguka. Topido za Marekani za vita hivyo hazikuwa na kifaa cha kuizima inapogeuka kupita kiasi. Tarehe 26 Machi 1944, miezi saba kabla ya Tang, nyambizi Tullibee ilizama kwa namna hiyohiyo karibu na visiwa vya Palau, akabaki baharia mmoja tu. Waingereza nao yaliwapata: manowari yao Trinidad ilijipiga kwa topido yake Machi 1942 katika bahari ya barafu. Kwa hiyo hatari ilijulikana, na hapo mimi naona lawama ni ya waliotengeneza na kupokea silaha, siyo ya waliopewa waitumie.

Tang ilifanya doria tano. Ya kwanza, Februari 1944, ilizamisha meli tano maeneo ya visiwa vya Truk na Saipan katika Pasifiki. Ya pili haikuzamisha meli hata moja, na bado ni miongoni mwa zilizo bora: ilipangiwa kuokoa wanahewa walioangushwa Truk, ikawapata 22. Baadhi yao waliletwa na ndege ndogo ya majini ya manowari North Carolina, ambayo ilikuwa imebeba watu wengi mno isiweze kuruka, ikajikokota juu ya mawimbi wakiwa wamekaa kwenye mabawa. Ya tatu, Juni na Julai, ilikuwa ya kuangamiza, na nitaieleza kwenye hesabu. Ya nne ilikuwa pwani ya Honshu, Agosti.

Ya tano ilianza Pearl Harbor tarehe 24 Septemba 1944, kuelekea Mlango-bahari wa Taiwan, uliokuwa ukiitwa Formosa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba O'Kane aliingia juu ya maji katikati ya msafara uliolindwa, akapiga meli za mafuta, kisha meli ya abiria wa kijeshi ikamjia kumgonga. Alikata mbele yake ikampita kwa nafasi ndogo sana, huku akimulikwa na moto wa meli alizozipiga. Usiku uliofuata akaukuta msafara mwingine ukipeleka vifaa kwenye vita vya Leyte, kisiwa cha Ufilipino, ndege zikiwa zimefungashwa na kurundikwa sitahani. Akashambulia tena juu ya maji, umbali chini ya mita 1,000.

Baada ya vurumai hiyo zilibaki topido mbili. Tang ilijitenga kidogo, topido zote mbili zikakaguliwa, zikapakiwa kwenye mirija ya mbele. Kisha ikarudi kumaliza meli iliyokuwa imesimama baada ya kupigwa. Ya 23 ilikwenda moja kwa moja. Ya 24 ilirushwa karibu saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 25. Ilichomoka, ikaruka juu ya maji, ikakunja kushoto kwa ukali.

Hapa ndipo swali lako la kosa linapojibiwa kwa namba. O'Kane aliagiza mwendo wa dharura na usukani wa kuitupa tezi nje ya njia ya topido, yaani kuifanya sehemu ya nyuma isukumwe pembeni. Agizo ni sahihi. Lakini muda uliokuwapo ni kama sekunde 20. Nyambizi inayojikokota kwa, tuseme, noti 6 husogea mita 60 tu katika sekunde hizo, na yenyewe ina urefu wa mita 95. Chombo cha tani zaidi ya 1,500 hakiongezi mwendo ghafla. Topido ilimpata ubavuni karibu na chumba cha topido cha nyuma. Sehemu za nyuma zilijaa maji mara moja, na nyambizi ikazama kwa tezi kabla mlango wa juu wa mnara haujafungwa.

Je, angeweza kuepuka? Njia moja ilikuwapo: kuwa chini. Topido iliyopangiwa kina cha mita chache hupita juu ya nyambizi iliyo mita 30, na kuna nyambizi zilizosikia topido zao zikipita juu yao zikazama zaidi na kusalimika. Anayepigana juu ya maji hana kina cha kukimbilia. O'Kane alilijua hilo na akauchagua uso wa maji, kwa kuwa ndio uliompa meli zile zote. Nyingine ingekuwa kuziacha topido mbili na kurudi nyumbani. Mbele yake kulikuwa na meli ya kijeshi iliyosimama, na sioni kamanda wa vita hivyo ambaye angeondoka.

Wakati wa mlipuko watu tisa walikuwa darajani, wakatupwa baharini. Watatu kati yao, O'Kane akiwemo, walielea mpaka asubuhi. Ofisa mmoja, Lawrence Savadkin, alikuwa ndani ya mnara uliojaa maji; alipumua hewa iliyobaki juu ya dari, akatoka akapanda bila kifaa chochote.

Waliobaki ndani walikuwa na tatizo jingine. Nyambizi ilikuwa imegota tezi kwenye sakafu ya bahari, mita 55 chini, na omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka hadi juu ya maji. Kwa mwinamo huo hupiti vyumba, na chumba cha kutorokea hakitumiki. Mabaharia wakajaza maji kwenye matangi ya mbele kwa makusudi, nyambizi ikalala sawa chini kabisa. Fikiria uamuzi huo: kuizamisha sehemu pekee iliyokuwa bado juu. Lakini ilikuwa sahihi, kwa sababu mbili. Adui angeiona omo na kuipiga, na watu wasingeweza kukusanyika mbele. Wakachoma nyaraka za siri, na kama watu 30 wakafika chumba cha topido cha mbele. Juu, meli za Kijapani zilikuwa zikizunguka na kudondosha mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji. Moto wa umeme ukazuka kwenye chumba cha betri za mbele.

Watu huuliza kwa nini hawakufungua tu mlango wakatoka. Kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza mgandamizo wa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mita 55, mlango wa duara wenye upana wa sentimita 60 unasukumwa na uzito wa tani 15. Hakuna mtu wa kuuinua. Njia ni kusawazisha mgandamizo, na hatua zake ni hizi. Watu watatu au wanne wanaingia kwenye chumba kidogo cha kutorokea na kujifungia. Wanaingiza maji ya bahari taratibu. Hewa iliyomo inabanwa juu ya vichwa vyao mpaka mgandamizo wake unalingana na wa nje. Hapo mlango wa pembeni, ulio chini ya usawa wa hewa, unafunguka kwa mkono. Wanaachilia boya lenye kamba, kisha wanapanda mmoja mmoja wakiishika. Wa mwisho akitoka, waliobaki ndani wanafunga mlango kwa mtambo, wanatoa maji, na zamu nyingine inaingia.

Kila mmoja alivaa kifuani kifaa cha kupumulia alichobuni Charles Momsen na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1920: mfuko wa mpira uliojazwa oksijeni, kikopo cha chokaa maalumu cha kunyonya hewa chafu, kipande cha mdomoni, kibanio cha pua, na tundu chini la kutolea hewa inayozidi. Mwendo uliofundishwa ni mita 15 kwa dakika, kwa hiyo kutoka mita 55 ni karibu dakika nne za kushika kamba bila kuharakisha.

Yanayoharibika ni mengi. Hewa iliyo mapafuni kwenye kina hicho itatanuka mara sita na nusu ikifika juu. Anayebana pumzi kwa hofu, hata kwa mita chache za mwisho, hupasuka mapafu na povu la hewa huingia kwenye damu. Tundu la kutolea hewa likiachwa limebanwa, mfuko nao humsukumia hewa ndani. Oksijeni tupu chini ya mgandamizo mkubwa ni sumu, huleta kifafa. Aliyekaa muda mrefu ndani ya chumba cha kutorokea amejaza naitrojeni mwilini, nayo hutoka kama mapovu kwenye viungo na mishipa. Na kabla ya yote hayo, waliokuwa wakivuta moshi kwa saa kadhaa hawakuwa na nguvu wala akili timamu ya kufuata hatua. Mnara wa mazoezi huko New London ulikuwa na kina cha mita 30. Hakuna aliyekuwa amezoezwa kwa mita 55.

Watu 13 walitoka. Wa mwisho walipokuwa wakiondoka, joto la moto lilikuwa likibabua na kuyeyusha rangi ya ukuta. Baadhi hawakufika juu, wengine walifika wakazidiwa na bahari, na watano tu ndio waliokolewa. Ukijumlisha na watatu wa darajani na yule wa mnarani, ni tisa kati ya 87. Walifariki 78.

Waliopona walichukuliwa na meli ya kusindikiza ya Kijapani, wakapigwa kwa marungu na mateke. Waliowapiga walikuwa manusura wenye majeraha ya moto wa meli ambazo Tang yenyewe ilikuwa imezizamisha, na O'Kane alisema baadaye kwamba walipolitambua hilo waliweza kukivumilia kipigo kwa kinyongo kidogo. Walipelekwa kambi ya wafungwa ya Ofuna huko Japani, kisha Omori, hadi Agosti 1945. Rais Truman alimvisha Medal of Honor tarehe 27 Machi 1946. Alikuwa pia na nishani nyingine, Navy Cross tatu na Silver Star tatu. Alistaafu mwaka 1957 akiwa na cheo cha admirali wa nyuma, akafariki mwaka 1994.

Sasa namba. Kumbukumbu za doria ya tano zilizama na Tang, na ripoti iliandikwa baada ya O'Kane kutoka kifungoni, kwa kumbukumbu ya kichwa. Alihesabiwa meli 13. Kamati ya pamoja ya jeshi la nchi kavu na la majini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947 baada ya kupekua nyaraka za Kijapani, ilithibitisha saba. Hata maelezo ya nishani yake yanataja destroya iliyolipuka, na destroya hiyo haimo kwenye orodha ya zilizozama. Usiku, kati ya moto na mizinga, mlipuko mkubwa huonekana kama meli nzima imekwisha, kumbuka Harusame.

Kosa huenda upande wa pili pia. Kwenye doria ya tatu alihesabiwa meli nane, nyaraka zikaonyesha kumi. Usiku wa tarehe 24 Juni 1944, magharibi mwa Kyushu, alirusha topido sita akadhani amezamisha mbili. Zilizama nne. Moja ilikuwa Tamahoko Maru, na ndani yake walikuwamo mateka wa vita wa upande wake mwenyewe, Waaustralia, Waingereza, Waholanzi na Wamarekani. Walikufa wapatao 560. Haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha imebeba nani, na O'Kane hakuwa na namna ya kujua. Kwetu Afrika Mashariki topido ilikuwa na sura hiyohiyo: tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikazama kwa dakika chache na karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Ile kamati ya 1947 ilimpa O'Kane na Tang meli 24, tani 93,824. Haikuhesabu meli za biashara zilizo chini ya tani 500, na ilipokosa ushahidi wa nyaraka iliiacha meli nje. Mapitio ya baadaye, yaliyolinganisha ripoti za nyambizi na kumbukumbu nyingi zaidi, yalifikisha 33, tani 116,454. Ukilinganisha O'Kane na makamanda wengine wa Marekani tumia 24, kwa sababu wote wamepimwa kwa kipimo hicho kimoja cha kamati. Ukiandika habari za Tang peke yake, 33 inafaa, mradi uandike pembeni kwamba ni hesabu iliyorekebishwa.